Wamenihesabia

"Viazi vimeshaondoka, mdogo wangu. Wamenihesabia gunia 38."

Niliambiwa maneno hayo Jumapili moja ya mwezi wa sita, nikiwa dirishani pa kibanda changu cha uwakala wa fedha za simu, Mwanjelwa mjini Mbeya, na mteja amesimama ananisubiri nimtolee laki mbili. Kuyaelewa kulinichukua miezi minne.

Simu yangu hurekodi kila mazungumzo. Aliyewahi kufanya uwakala anajua kwa nini: leo mteja anakana muamala, kesho tapeli anapiga akijifanya yuko makao makuu. Kwa hiyo kisa hiki ninacho kwa sauti, dakika 3 na sekunde 12, na nimekisikiliza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mwanzoni nilitaka kukiandika kama kisa cha jirani. Nikaona nitakuwa nimeanza uchambuzi kwa uongo.

Anayeongea ni dada yangu mkubwa. Analima viazi mviringo juu ya Isyonje, pale barabara ya Uyole kwenda Tukuyu inapochepuka kuelekea Kitulo na Makete. Shemeji alifariki miaka mitatu kabla ya simu hiyo. Binti yao wa mwisho alikwenda bweni Tukuyu Januari ya mwaka uleule wa simu. Baki hapo na hiyo Januari, tutairudia.

Asiyeijua biashara ya viazi vya kwetu aelezwe kidogo. Mnunuzi hafiki mwenyewe shambani. Anakuja dalali, na nyuma yake Fuso na vijana wa kupakia. Gunia halifungwi mdomoni. Linaongezewa kichwa, viazi vinapangwa juu kama tofali na kushonewa kamba, na hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lumbesa inapita hapo kwa mbali, na bei inabaki ya gunia moja. Siku ya kupakia kila gunia linaloingia garini linatajwa namba kwa sauti, mmoja anaandika. Zamani aliyeandika kwenye daftari letu alikuwa shemeji. Baada ya yeye, binti.

Sasa rekodi. Salamu za Kinyakyusa naziruka.

— Viazi vimeshaondoka, mdogo wangu. Wamenihesabia gunia 38.

— Lumbesa?

— Eeh, lumbesa. Wanashindilia, si unawajua. Yule kijana naye anataja namba haraka ha...

— Dada, si nilikwambia lumbesa ni kosa? Kilo 100, basi. Ungewakatalia.

— Nitawakatalia vipi na gari limeshafika? Siku hizi hata jua linaniumiza pale nje, nakaa ndani, nawasikia tu.

— Jua la Isyonje? Njoo Chunya uone jua! (Nacheka. Mteja wangu naye anacheka.)

— Haya.

— Nikutumie ngapi ya mbolea?

— Sijasema mbolea.

— Natuma elfu hamsini, na ya kutolea.

— Ndaga, baba. (Ndiyo asante ya Kinyakyusa.)

Muda uliobaki ni mimi nikimhesabia mteja noti, dada akisubiri upande wa pili, kisha kwaheri.

Ukiyasoma haraka hayo ni mazungumzo mazuri. Hakuna aliyegomba, na pesa ilifika kabla simu haijapoa. Jioni ile ungeniuliza kama mimi ni ndugu anayejali, ningekuonyesha ujumbe wa muamala.

Tuanze na kitenzi. Miaka yote dada alikuwa akisema "tumehesabu". Tumehesabu 52, tumehesabu 47, mwaka wa barafu tumehesabu 19. Safari hii akasema "wamenihesabia". Tulifundishwa shuleni kauli ya kutendea, tukaambiwa inaonyesha jambo limefanywa kwa niaba au kwa faida ya mtu. Mwalimu hakutuambia kwamba kauli hiyohiyo inabeba hasara: panya wamenilia mbegu, ng'ombe wamenikanyagia mche, mume amenifia. Kinachohesabiwa ni viazi vyake, lakini yeye hayumo tena ndani ya kuhesabu. Ametoka kwenye "tu" akabaki kwenye "ni". Mtu aliyeongea hivyo alikuwa ameshaniambia kila kitu, nami nikachukua neno la mwisho la sentensi, gunia, nikalifanyia kazi hilo.

Kisha akaongeza mengine mawili. Jua linaniumiza. Nawasikia tu. Na kabla ya hapo alikuwa ameanza la nne kuhusu kijana anayetaja namba haraka, nikalikata katikati ya neno "haraka hadi". Nimepima kwenye rekodi: tangu aanze habari ya viazi mpaka nimkate ni sekunde 11, na humo nimeshaingiza swali langu la lumbesa. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walichapisha utafiti juu ya madaktari na wagonjwa wao. Mgonjwa alikuwa akikatizwa kwa wastani baada ya sekunde 18 tangu aanze kueleza kilichomleta. Niliposikia habari hiyo miaka iliyopita niliwacheka madaktari.

Sitaki kujipiga mno. Kuna sehemu ya kosa hili ambayo ni ya binadamu wote. Tanya Stivers na wenzake walipima mazungumzo katika lugha 10 za pande mbalimbali za dunia, wakatoa matokeo mwaka 2009: kati ya mmoja kumaliza na mwingine kuanza hupita takriban sehemu ya tano ya sekunde tu. Huwezi kutunga jibu ndani ya muda huo. Maana yake kila mmoja wetu huanza kulitunga mwenzake akiwa bado anaongea. Mimi nilivuka hata hapo. Jibu langu lilikuwa limetungwa tangu simu ya mwaka juzi, kwa sababu mwaka juzi kweli alilalamikia lumbesa. Nilikuwa namjibu dada wa mwaka juzi.

Na lile la Chunya. Mwanasosholojia Charles Derber aliandika mwaka 1979 kuhusu majibu ya aina mbili: lipo linalobaki na msemaji, na lipo linaloyavuta mazungumzo yaje kwa anayejibu. Ubaya wa utani wangu ni kwamba mimi hata Chunya sikai. Niliyavuta mazungumzo nikayatupa njiani, ilimradi mteja acheke.

Halafu elfu hamsini. Hapa nina la kusema, kwa kuwa ndiyo kazi yangu na naiona kila siku dirishani. Watu wa mjini tumepata njia ya heshima ya kufunga mazungumzo na watu wa nyumbani. Mama akianza kueleza, tunauliza "nitume ngapi?" Anayetumiwa hawezi kuendelea na maelezo baada ya hapo, ataonekana hana shukrani. Dada alisema wazi kabisa, "sijasema mbolea". Nikatuma ya mbolea.

Agosti nilipanda kwake kwa mara ya kwanza mwaka ule. Nilikwenda na suluhisho: mizani ya kuning'iniza, ya kidijitali, niliyoinunua Kabwe. Nilikuwa nimeitafakari wiki nzima na kujipongeza. Nikaifunga kwenye boriti ya ghala, nikatundika ndoo ya viazi, nikamwita. "Ona dada, kilo ngapi hapo?" Akatazama kile kioo kidogo chenye namba za kijivu. Akasogea. Akarudi nyuma. Akasema, "Umefanya vizuri, mdogo wangu," akaenda kupakua chakula. Nilisoma namba mwenyewe. Wakati wa kula nilimweleza jinsi ya kuwabana madalali, akawa anaitikia eeh, eeh. Nikaondoka na kuku.

Baada ya hapo hakupiga tena Jumapili. Nikipiga mimi, "tupo salama, salimia nyumbani". Niliumia. Nikamwambia mke wangu kwamba dada amebadilika, siku hizi hata zawadi haioni. Nilitumia neno hilohilo, haioni.

Safari ya pili ilikuwa Oktoba, na sikwenda kusikiliza mtu. Nilikwenda kuchukua nyaraka za shamba. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, umeme umekatika tangu asubuhi, simu yangu ikazima nikiwa bado sijafika kwake. Nyaraka anazo balozi, balozi yuko msibani, atarudi jioni. Kwa hiyo nikakaa jikoni nikiwa sina cha kufanya wala cha kushika. Dada alikuwa anachambua mbegu. Akanisogezea kigoda na kikapu.

Unaweka kubwa huku, za wastani huku, zilizooza unatupa. Kila kiazi unaangalia kama kimechipua macho. Mimi nilikuwa naangalia. Ilinichukua muda kugundua kwamba yeye haangalii. Anakizungusha kiazi mkononi mara moja, kidole gumba kinapita juu ya macho ya kiazi, kinasita, kinapita tena, kinaamua. Uso ameuelekeza mlangoni. Alikuwa ananishinda kasi mara mbili.

Tukakaa hivyo labda nusu saa. Aliongea kidogo kuhusu nguruwe wa jirani, kuhusu bei ya dawa ya ukungu. Sikuwa na jibu juu ya nguruwe, nikanyamaza. Kisha akasema, kama vile anaendeleza habari ileile, "Hizi nazo wakija, watanihesabia tu."

Nikasema, "Watakuhesabia?"

Sikusema kwa ujuzi wowote. Nilishangaa neno, basi. Lakini nilipolirudisha nikalisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza, na nadhani yeye alisikia kwamba nimelisikia. Mkono ukasimama. Jiko likapasuka kuni. Mara nyingine katika ukimya wa namna hiyo ningetazama simu, na simu ilikuwa imezima.

"Namba zinaogelea," akasema. "Kama naziangalia ndani ya moshi. Za daftari, za simu, na za ule mzani wako. Asubuhi kukiwa na jua ndiyo mbaya zaidi, kunakuwa na mng'ao. Zamani mtoto ananisomea, ananiandikia. Sasa yuko shule."

Tangu lini? Tangu mwaka mmoja kabla shemeji hajafa.

Hapa ndipo mjomba mtu, mtu wa suluhisho, aliinuka. Nikasema kesho tunashuka wote Mbeya, hospitali, na ukae kwangu mpaka... Sikumaliza. Hakunikatiza kwa sauti. Alirudi kuchambua, kwa kasi ileile ya mwanzo, na nikaona mlango umefungwa mbele yangu kama nilivyoufunga mimi Agosti. Tofauti ni kwamba safari hii niliuona.

"Umeona?" akasema baada ya muda. "Mama naye alisema anaona ukungu. Wiki ya pili mlikuwa mmeshamfungia mizigo."

Ni kweli. Mama yetu alipoanza kupoteza macho, sisi wa kiume tulikaa kikao, yeye hayupo, tukakubaliana ahamie mjini. Alikaa kwangu, chumba cha uani, miaka miwili. Chakula kizuri, blanketi nzuri. Kuanzia asubuhi mpaka jioni alikuwa anauliza kama mvua imenyesha Isyonje. Shamba lake tuligawana akiwa hai, na tuliita hiyo kumpumzisha. Dada alikuwa akija kumwogesha, kwa hiyo aliona.

Nilisema, "Lakini dada." Nikaishia hapo. Ningependa kuandika kwamba niliishia kwa busara. Ukweli ni kwamba moshi ulinipalia. Nilipomaliza kukohoa ile hamu ya kujitetea ilikuwa imepungua, na kilichobaki kilikuwa swali la kawaida kabisa ambalo kwa miezi minne sikuwa nimemwuliza: "Wewe umeonaje?"

Alikuwa ameshaona, muda mrefu. Kwanza tupande. Kisha akaangaliwe macho, lakini arudi kwake siku hiyohiyo. Kama ni kupasuliwa, iwe baada ya kuvuna, si kabla. Na siku ya kupakia nije, nisimame pale, nisiongee na dalali hata neno moja. "Ukianza sheria zako wataniona mgomvi na mwakani hawaji."

Carl Rogers na Richard Farson, walioandika mwaka 1957 juu ya kusikiliza kwa makini, walionya kwamba kazi hiyo ina hatari kwa msikilizaji: anaweza kubadilishwa na anachokisikia. Wengi wanaofundisha mambo haya siku hizi wamebaki na nusu nyepesi. Tazama machoni, itikia kwa kichwa, rudia maneno ya mwenzako. Nilijaribu hilo la kurudia nyumbani kwangu juma lilelile. Mke wangu alisema, "Leo nimechoka na huyu bosi," nikasema, "Umechoka na bosi?" Akaniuliza kama nimegeuka kasuku. Alikuwa na haki. Jikoni kwa dada neno lilirudi kwa kuwa lilinigonga. Hapa nililirudisha kwa kuwa lilifanya kazi mahali pengine.

Tena dada nisingeweza kumwangalia machoni. Angeweza kudhani nayapima.

Rafiki yangu mmoja wa pale stendi, nilipomsimulia, alisema kosa ni la dada: mtu mzima aseme "sioni", yaishe. Nimelifikiria na sikubaliani naye. Alisema mara nne ndani ya simu moja. Hakulitaja neno lenyewe kwa sababu alijua bei yake, alishaona mama akiilipa, na aliyekuwa akipokea simu ni mmoja wa waliotoza. Alichokuwa anafanya kila Jumapili ni kunipima: nikimwonyesha kidogo, huyu atafanya nini? Nami kila Jumapili nilimpa jibu. Ndiyo maana siamini kwamba mbinu yoyote ya masikio ingenisaidia mwezi wa sita. Hata ningemwacha amalize sentensi ile ya kijana na namba, angemalizia, ningesikia "sioni", na kabla ya Jumapili inayofuata ningekuwa nimetuma gari la kumhamisha.

Pia sina hakika ingekuwaje kama betri isingekwisha. Naandika hilo ili nisije nikasifiwa bure.

Novemba, mbegu zikiwa ardhini, tulishuka Mbeya. Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limetangulia. Daktari alieleza vizuri, akiongea naye, si na mimi: lenzi ya ndani ya jicho imepoteza ung'avu, dawa ya matone haiisafishi, inatolewa inawekwa ya bandia. Dada akauliza maswali yake matatu. Nilikuwa nayo mengine saba, nikayahifadhi. Akapangiwa Machi. Saa kumi jioni alikuwa kwenye basi la Tukuyu.

Februari wakaja kupakia. Nilifika na alfajiri. Dada alisimama ubavuni mwa Fuso, kivulini, kanga begani, mkono mmoja mfukoni mwa sweta. Mfuko wa kushoto ulikuwa na maharage. Kila gunia lilipopita mbele yake aliligusa, kisha harage moja likahama kwenda mfuko wa kulia. Hakuwa ameniambia habari ya maharage. Dalali alikuwa ananitazama kwa wasiwasi, mtu wa mjini aliyesimama tu na daftari haongei. Mara mbili ulimi uliniwasha. Gunia la kumi na kitu lilikuwa na kichwa kama mnara.

Mwisho kijana akataja: "Arobaini na tatu, mama."

Dada akatoa maharage, akayahesabu kwa vidole kwenye sinia. Arobaini na nne.

"Rudieni," akasema.

Vijana walinung'unika. Dalali akanigeukia mimi. Nikatazama daftari. Ikabidi wapande, wakahesabu upya, polepole, namba moja moja kwa sauti, yeye akiwa amekaribia na kugusa kila pembe anayoifikia. Arobaini na tatu. Lilikuwa harage la jikoni, lilikuwemo mfukoni tangu awali.

Akacheka mpaka akashika ubavu. Dalali naye akacheka, nadhani kwa nafuu. Kisha dada akanigeukia.

"Tumehesabu 43," akasema. "Andika."